Akipimwa mtoto, na mama apimwe

Kwa Mhariri,

Mama anayenyonyesha akifika kliniki, mtoto hupimwa uzito na urefu, na mstari wake ukachorwa kijitabuni. Mama mwenyewe hurudi nyumbani bila kupimwa, ilhali utepe wa kupimia mkono uko pale mezani. Kliniki za Kisumu, Siaya na Busia zinaweza kubadilisha hilo hata kesho.

Mkono wa kushoto hukunjwa ili kutafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, kisha hunyooshwa na kulegezwa ndipo utepe uzungushwe. Mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 akipata chini ya sentimita 21, mwongozo wa Kenya unamhesabu kuwa na utapiamlo. Utepe ukivutwa hadi ngozi ibonyee, mama mzima ataonekana dhaifu. Ukipitishwa juu ya sweta, aliye dhaifu ataponyoka.

Unene wa mtoto huwapumbaza wengi, wakadhani na mama ni mzima. Mama akila kidogo, maziwa hayapungui upesi, kwani mwili huchota kwenye akiba yake. Chuma na kalsiamu ya maziwa hubaki karibu vilevile, lakini vitamini A, B12 na ayodini hushuka mama akivikosa. Kumwambia aachishe ziwa kwa kuwa amekonda ni kumwonea mtoto. Mlisheni mama!

Vyakula vya msaada mara nyingi huelekezwa kaunti kame, kwa hiyo huku kwetu tegemeo ni jikoni. Katika miezi 6 ya kwanza ya kunyonyesha, mama anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku. Kikombe kikubwa cha uji wa vijiko vinne vikubwa vya unga wa wimbi, vijiko viwili vikubwa vya njugu zilizosagwa na nusu kikombe cha maziwa, pamoja na yai moja, hukaribia hapo. Njugu zilizoota ukungu zitupwe. Kukaanga hakumalizi sumu yake, nayo hupenya hadi kwenye maziwa ya mama. Omena, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, humpa kalsiamu na B12 kwa bei nafuu kuliko nyama.

Magadi kwenye mrenda (tunajua wazee watatupinga) huharibu vitamini B1 na C. Mboga zipikwe muda mfupi, maji yasimwagwe, na mafuta kidogo yatiwe ili vitamini A ifyonzwe. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, maana huzuia chuma cha mboga na maharagwe.

Wahudumu wa lishe,
Kisumu