Risala ya wafanyakazi kwa mgeni rasmi: mkataba umebakiza sahihi moja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Katibu Tawala wetu wa Wilaya, ndugu mwenyekiti wa tawi, viongozi wa chama cha wafanyakazi kutoka mkoani, wakuu wa idara mliokubali kukaa na sisi kwenye viti vya plastiki, wafanyakazi wenzangu, habari za saa hizi na wafanyakazi oyee!

Kwanza karibu sana Mheshimiwa na pole na joto, hiyo feni iliyo juu yako ndo pekee inayozunguka humu ukumbini, tumekuweka hapo makusudi. Pole pia kwa wenzetu wa kata za bondeni huko mto Ruvuma waliotoka na bodaboda usiku wa manane, wengine naona viatu bado vina tope. Mimi nimepewa kusoma kwa sababu wanasema nina sauti, sio kwamba ndo najua sana sheria, ila kwenye kamati ya majadiliano nilikuwepo tangu siku ya kwanza kwahiyo nasema nilichokiona.

Mheshimiwa mgeni rasmi, leo hatujaja kudai mshahara. Mshahara unapangwa juu huko tunajua, na Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais alipotangaza kima cha chini cha mtumishi wa umma kinatoka 370,000 kwenda 500,000 tulishangilia kama wengine. Letu la leo ni dogo na linaishia humu humu wilayani. Ni Mkataba wa Hali Bora, yaani mkataba wa pamoja wa maslahi ya kazi kati ya chama chetu na halmashauri, kuna vifungu vitatu tulikaa tukakubaliana virekebishwe, pande zote mbili, rasimu ikachapwa, tangu wakati mikorosho iko kwenye maua. Sasa hivi minada imekwisha na magunia yameshapanda meli bandarini pale, rasimu bado ipo mezani haijasainiwa.

Niseme ukweli, kosa la kwanza ni letu wenyewe. Ule mkataba wa mwanzo tuliusaini kwa furaha, kulikuwa na soda na picha ya pamoja, hakuna aliyeshtuka kwamba kila penye neno halmashauri italipa, mbele yake kuna maneno matano, "kadri hali ya fedha itakavyoruhusu". Basi hali haijawahi kuruhusu. Nauli ya likizo hali haikuruhusu, posho ya safari hali haikuruhusu, hata sabuni ya kufulia makoti ya pale zahanati hali haikuruhusu, na ukienda kulalamika unaonyeshwa kifungu, na kifungu kweli kiko hivyo, utasema nini.

Kuna dereva mmoja wa gari la wagonjwa, yupo humu ndani simtaji jina. Huyu bwana akipigiwa simu saa 7 usiku anaamka, anapakia mama mjamzito anamleta mpaka hospitali ya mkoa ya Ligula, analala humo humo kwenye gari mpaka kuche. Mara nyingine mafuta kidogo ya kuongezea njiani anaweka kwa hela yake. Siku moja alinionyesha risiti zake, ameziweka kwenye kopo la biskuti zimefungwa na mpira, nikachukua moja nikaigeuza huku na huku nikadhani kanipa karatasi tupu. Kumbe zile risiti za mashine zikikaa wino unafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe! Ameshapeleka mara mbili anaambiwa subiri hali ya fedha, alivyopeleka mara ya tatu mhasibu akamwambia hizi hazisomeki. Na mhasibu hana kosa, atalipaje karatasi nyeupe? Siku hizi anazitoa fotokopi kwa hela yake vilevile.

Ndo maana kifungu cha kwanza tulichoomba kibadilike ni hicho cha maneno matano, yafutwe, iandikwe tarehe. Hapa ndo tulivutana sana Mheshimiwa. Upande wa mwajiri walisema nyie mnajua hela yetu ya ndani inategemea ushuru wa korosho, mwaka ambao korosho imedoda au bei imeanguka mnadani tutawalipa na nini, na wakaleta vitabu vya mapato tukaviona kwa macho, na kwa hilo nawapa maua yao, sheria inawataka watoe taarifa kama hizo kwenye majadiliano lakini wapo waajiri wengi wanaoficha. Mimi binafsi niliona wana hoja. Tukakubaliana kwamba madai yote yaliyohakikiwa mpaka Desemba yalipwe kabla Januari haijaisha, maana hapo ndo ushuru umeingia, na mwaka ambao mapato yameshuka halmashauri iite kikao ndani ya wiki mbili tupange pamoja nani aanze kulipwa. Isikae kimya, basi. Sijui kama kuna kitu rahisi kuliko hicho.

Kifungu cha pili ni cha akina mama wanaofagia barabara na soko. Wanaanza saa 10 alfajiri ili watu wakiamka mji uwe msafi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kwa kila saa ya usiku mtu anaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Ni hela ndogo ya ming'oko na maji ya kandoro najua, mtu anaweza kucheka, ila ni haki yao na mkataba wetu haukuigusa kabisa, kama vile hao watu wanafagia saa 4 asubuhi. Humo humo tumeongeza glovu na buti, na glovu ziletwe kabla za zamani hazijatoboka vidole vyote. Cha tatu ni sanduku na usafiri mtumishi akifariki, hicho hakikuwa na ubishi, kilipita dakika 5.

Sasa baada ya hapo Mheshimiwa ndo ikaanza safari ya faili. Mwanzo tuliambiwa mwanasheria analipitia, akalipitia. Tukaambiwa mkubwa yupo Dodoma, akarudi. Halafu kukawa na uhamisho, aliyekuja akasema asomeshwe kwanza, ni sawa hatumlaumu hakuwepo. Mwisho tukapewa jibu la mdomo kwamba mkataba wa zamani bado unaishi tusubiri ufe ndo tuandike mpya. Hilo ndo tunalikataa kwa heshima zote. Mkataba wa pamoja ni makubaliano, waliokubaliana wanaweza kukaa tena wakaubadilisha, sheria inachotaka ni uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na nakala iende kwa Kamishna wa Kazi. Na unaanza kumfunga kila mmoja pale sahihi ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe mmeandika vingine. Hilo la sahihi ya mwisho nimelisema sana kwenye grupu letu la wotsap kwa sababu kuna wenzetu walishaanza kupongezana eti muhtasari wa kikao upo. Muhtasari haulipi mtu.

Wapo vijana wetu wanaotaka twende moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wapo wachache wanaotaja mgomo. Mimi nilipinga, sio kwa uoga, nilipinga kwa sababu hapa hakuna mgogoro wa kusuluhisha, watu walishakubaliana, unaenda kumwambia msuluhishi nini?

Ombi letu ni moja. Baraza la Wafanyakazi linakaa muda sio mrefu kupitia bajeti, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kama haya marekebisho hayajasainiwa kabla ya hapo hayana kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, yasipokuwa na kasma hata huyo mkubwa akitaka kulipa hawezi, tunangoja korosho nyingine na kopo la biskuti linazidi kujaa. Mabaraza haya yapo tangu agizo la Rais la mwaka 1970, yaliwekwa ili mfanyakazi na mwajiri waongee, kwahiyo tunakuomba Mheshimiwa utuitie pande mbili ofisini kwako kabla Baraza halijakaa, hata nusu saa, chai tutabeba wenyewe.

Kwenye bahasha hii ya kaki kuna nakala tatu, ya mwajiri, ya chama na ya Kamishna wa Kazi. Mwenyekiti na katibu wetu wameshasaini zote jana usiku, na kalamu tumeibana humo humo isije ikakosekana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.