Barua kwa Mwanakombo: romaji nimeitoa

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalamu alaykum. Sisi huku tu wazima, ni hili joto tu. Mama anakusalimu na anauliza Lamu mwamletea lini ule ukili wake uliomuahidi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale uliponiuliza nani amenituma. Umefungua programu yetu ya kujifunzia Kijapani asubuhi, umekuta kadi za maneno zimebadilika, romaji, yaani Kijapani kwa herufi za Kilatini, haipo, na Desemba una mtihani wa Kijapani Nairobi. Hasira zako nazielewa. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwanza ujue sikuamka siku moja nikaamua kukuvuruga. Ilikuwa lazima toleo jipya litoke. Duka la programu lilishatangaza kwamba kuanzia 31 Agosti 2025, anayetaka kupandisha toleo jipya ni sharti aliandae kwa masharti ya Android 15. Na Android 15 huiachia programu skrini nzima, toka juu mpaka chini kabisa, hata pale panapokaa vile vitufe vya simu vya kurudi nyuma. Nilipojaribu kwenye simu ya Athumani, vitufe vyetu viwili vya "Nimekumbuka" na "Nimesahau" vilikuwa vimezama huko chini. Anabonyeza "Nimesahau", programu inafungwa. Akaniambia, "Dada, hii programu yako haitaki mtu asahau." Basi nikakaa nikapanga upya kila ukurasa, mmoja mmoja. Ukumbusho wa jioni nao, tangu Android 13 programu haiwezi kukutumia arifa mpaka ikuombe ruhusa, na yetu ilikuwa haiombi. Sasa itakuuliza mara ya kwanza ukiifungua. Ikubalie.

Haya, romaji. Nikiwa nimeshafumua kila kitu, nikasema leo nalimaliza lile jambo tunalobishania tangu tulipoanza.

Mwanakombo, romaji inatudhuru sisi kuliko inavyomdhuru Mwingereza. Yeye akikutana na Kijapani kwa herufi za Kilatini hujikwaa, irabu zake hazikai pale, kwa hiyo mapema tu huona afadhali ajifunze hiragana, herufi za silabi za Wajapani wenyewe, yaishe. Sisi a, e, i, o, u zetu ndizo zao. Andika "tabemasu" kwenye karatasi umpe mama, ambaye hajali Japani iko upande gani wa dunia, atakusomea sawasawa. Hapo ndipo penye mtego. Jicho likishaona herufi linazozijua halishughuliki tena na zile nyingine, na kwa kuwa tunasoma vizuri tunajiona tumejua.

Nilikaa karibu na Athumani akipitia kadi zake kwenye feri ya Likoni. Kadi ikatokea: 水 kwa herufi kubwa, na chini yake "mizu" kwa herufi ndogo. "Maji," akasema, hata hajavuta pumzi. Ikaja nyingine, "yama", mlima. "Neko", paka. Hodari kabisa. Nikaweka kidole gumba changu juu ya zile herufi ndogo, nikamrudishia ile ya kwanza. Akaitazama 水 mpaka feri ikagota ng'ambo, watu wakaanza kushuka. Na kadi hiyo kwenye programu ilikuwa imewekewa alama kwamba anaijua, isimjie tena kwa wiki kadhaa.

Karatasi ya mtihani haina romaji. Hata N5, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa, utakuta hiragana, katakana (herufi za silabi za maneno ya kigeni) na kanji chache, zile herufi za maana zilizotoka China, nyingine zikiwa zimeandikiwa kana ndogo juu yake, yaani hiragana au katakana za kuonyesha matamshi. Utaingia chumbani na maneno yote kichwani, halafu usiyatambue yakiwa mbele yako.

Na kuna hili la irabu ndefu. Kiswahili mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunaivuta. Kwa hiyo "obasan", yaani shangazi au mama yeyote wa makamo, mdomoni mwetu huvutika akawa "obaasan", bibi kizee. Umwite hivyo mgeni wa miaka arobaini uone atakavyokutazama. Kwenye romaji watu wengi hata hawaandiki urefu huo. Mji tunauandika Tokyo, kavu, wakati irabu zote mbili ni ndefu. Kwenye kana huwezi kukosea: おばさん na おばあさん, ile あ ya ziada umewekewa pale peupe uione. Nimeongeza na sauti. Hazitakula bando lako, kwa sababu kadi inasomwa na simu yenyewe. Nenda tu kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, upakue sauti ya Kijapani mara moja ukiwa na waifai.

Najua utaniuliza kama kuna mahali pa kuirudisha. Hakuna. Ningeweka kitufe ungekibonyeza usiku huohuo, nami pia. Romaji imebaki kwenye ukurasa mmoja tu, ule wa kujifunzia hiragana 46 na katakana 46, kwa sababu anayeanza lazima aambiwe か ni nini. Ukishatoka hapo, mbele ya kadi ni Kijapani kitupu. Ukikwama kwenye kanji, igusishe kidole, kana itatokea juu yake kwa muda halafu iondoke.

Katakana ndizo zitakazokutesa, hasa wale ndugu wanne: シ, ツ, ソ na ン. Tazama vistari vifupi. Vya シ vimejipanga upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine, na mstari mrefu unapanda kutoka chini. Vya ツ vimejipanga juu, kimoja kando ya kingine, na mstari mrefu unateremka. ン na ソ ni hadithi hiyohiyo, ila kistari ni kimoja. Kwenye toleo hili ukiigusa herufi inajichora mbele yako, mstari baada ya mstari. Michoro nimeitoa KanjiVG, mkusanyiko wa michoro ya herufi za Kijapani, ambao wanaruhusu mradi uwataje, nami nimewataja kwenye ukurasa wa "Kuhusu" pamoja na JMdict, ile kamusi ya Kijapani aliyoianzisha Jim Breen kule Australia. Tafsiri zako za Kiswahili sikuzigusa hata moja. Ni nzuri kuliko za kamusi, na si kwamba nakupaka mafuta.

Ukitaka mazoezi ya bure, panda matatu. Nusu ya Hiace za mji huu zimekuja na vibandiko vyake vya Japani na hakuna aliyejisumbua kuvibandua. Juzi nilikaa jirani na mlango ulioandikwa 自動ドア, mlango wa kujifungua wenyewe, na makanga ameung'ang'ania kwa mikono miwili na mguu. Nyuma, 非常口, mlango wa dharura, palikuwa pamezibwa kwa magunia ya vitunguu. Na gari la Mjomba Shee bado kila akiliwasha mwanamke wa Kijapani anamwambia kadi ya ETC haijatiwa, ile ya kulipia barabara za kwao, naye humjibu, "Haya mama, nimesikia."

Jingine dogo, ila lilikuwa likinikera. Kanji kadhaa zinatumika China na Japani kwa nambari moja ya Unicode, ule utaratibu wa kuzipa herufi za dunia nambari kwenye kompyuta, ingawa maumbo yametofautiana. Simu isipoambiwa kwamba haya ni maandishi ya Kijapani, huenda ikakuchorea umbo la Kichina. Itazame 直 kwenye toleo la zamani uilinganishe na hili jipya, utaona upande wa chini kushoto haufanani. Sasa kila kadi imetambulishwa kwamba ni ya Kijapani.

Upangaji wa siku ya kila kadi kurudi pia umebadilika. Tulikuwa tukitumia SM-2, hesabu ya Piotr Woźniak wa Poland ya mwaka 1987, ambayo ukisahau neno mara kadhaa hulichukia, ikakuletea lilo hilo kila leo. Nimetia FSRS, hesabu mpya zaidi, ambayo Anki, ile programu maarufu ya kadi, nao waliiingiza mwaka 2023. Hii husoma historia yako, kisha hukuletea neno siku inayokadiria kwamba uwezekano wa kulikumbuka umeshuka hadi asilimia 90.

Kwa ajili hiyo nakuomba jambo moja, na hili nisikie vizuri: usifute programu kwenye simu ukaipakua upya. Ukifuta, historia yote inakwenda nayo. Kwanza ingia "Nakala", bonyeza "Hifadhi", ujitumie lile faili kwa WhatsApp, ndipo usasishe juu ya ile iliyopo.

Siku za mwanzo takwimu zako zitaporomoka. Maneno uliyokuwa ukiyajibu kwa romaji utayakosa, na programu itayarudisha chini kama mageni. Acha iyarudishe. Kadi mpya nimekuzimia mpaka rundo hilo lipungue, na usiende kuziwasha, nakujua. Wala usihangaike kwamba hujamaliza orodha ya N5, kwa sababu tangu 2010 waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno. Hiyo yetu na za wengine wote ni makisio ya watu waliotazama mitihani iliyopita.

Kwenye ile simu yako ya zamani sijaijaribu michoro ya herufi. Ikikwamakwama, piga picha ya skrini unitumie, uniandikie na toleo la Android. Na uniambie Nairobi utafikia wapi. Binamu yangu yuko South C na ana chumba, lakini anataka kujua mapema, maana Desemba wageni humjia kwa zamu.

Msalimie Bi Rukia na watoto. Na ule ukili usisahau, mama hatanielewa.

Wako,
Zuhura