Shukrani kwa mama wa karanga pale Feri

Mama yangu, jina lako sikuuliza. Nilikuwa nasubiri pantoni ya Kigamboni, sigara mkono mmoja, mwanangu mkono mwingine. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Baba, mtoto anakohoa kila ukipuliza." Nikamtazama: kweli, kauficha uso shingoni mwangu. Miaka 14 nimesikia habari za saratani na mapafu, hazikunigusa. Kile kikohozi kidogo kilinichoma. Ukanifungia karanga kwenye karatasi, ukakataa hela: "Hamu ikikushika, tafuna hizi."

Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu mno, hasira na kukosa usingizi. Nilitafuna.

Huu mwezi wa nane sijavuta sigara. Mtoto analala kifuani kwangu. Nimepita hapo mara mbili sikukukuta. Mungu akuweke, mama.