Picha za moshi hazionyeshi ugonjwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu katuni na picha za habari za ugonjwa wa miguu na midomo uliozuka Uingereza mwaka 2001 imesahau jambo moja. Picha tunazozikumbuka, za mizoga iliyorundikwa miguu juu na kuchomwa huku moshi mweusi ukitanda, hazionyeshi ugonjwa. Zinaonyesha uamuzi wa serikali. Wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa, na wengi wao hawakuwa wagonjwa. Wapo waliouawa kwa kuwa tu shamba lao lilipakana na lenye maambukizi. Ugonjwa wenyewe ni malengelenge kwenye ulimi na katikati ya kwato, ng'ombe akidondokwa na udenda na kuchechemea. Ni nadra kumuua aliyekomaa.

Wachora katuni siwalaumu sana. Kazi yao ni kumcheka mkubwa, na uchaguzi mkuu uliotarajiwa Mei 3 uliposogezwa hadi Juni 7 kwa sababu ya ugonjwa huo, Tony Blair, waziri mkuu wa wakati huo, aliwapa mada mwenyewe. Mpiga picha ndiye mwenye wajibu mzito, maana picha yake huaminiwa. Ndama mweupe Phoenix, aliyekutwa hai huko Devon kando ya mzoga wa mama yake, aliokolewa na kamera. (Sijui kama ndama mwenye madoa angepata bahati hiyo.)

Mnapozichapisha tena picha hizi, naomba maelezo ya chini yataje mahali, tarehe, na kama mnyama anayeonekana alikuwa mgonjwa au la. Kando yake wekeni picha moja ya ulimi wenye vidonda.

Msomaji wenu