Leza haikati picha, hukata mchoro

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa hapa Mombasa wanaounda modeli, na zaidi niseme na wenye karakana za leza, mashine inayokata ubao kwa mwale mkali wa mwanga, wanaowakatia vipande. Kazi yangu ni majahazi madogo. Jahazi la mita 15 nalichora kwa kipimo cha 1:50, likawa na urefu wa sentimita 30, vipande vyake vinakatwa kwa leza mjini, kisha naliunga kwa mkono nyumbani Kibokoni. Mara nyingi ninapopeleka kazi hukuta mteja na fundi wanabishana kwa sababu vipande havikubali kuingiana. Pesa zimeshalipwa, plaiwudi imeshaharibika, na kila mmoja anamtupia mwenziwe lawama. Ukiangalia vizuri, kosa limo kwenye faili na lilikuwamo kabla mashine haijawashwa. Linaniuma kwa kuwa mambo haya yanafundishika kwa mchana mmoja tu.

Kubwa zaidi ni hili la picha. Kijana anapiga picha mchoro wake kwa simu, anautuma kwa WhatsApp, anasema, "Nikatieni hii." Picha ni vidoa vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu. Leza yaweza kuichoma juu ya ubao ikawa nakshi, lakini kuikata haiwezi, maana hakuna mstari wa kufuata. Kinachokatwa ni vekta, yaani mstari ambao kompyuta inajua unaanzia wapi, unapinda vipi na unaishia wapi, ukiwa umehifadhiwa kwenye faili ya SVG au DXF. Wapo wanaoiachia programu iigeuze picha yenyewe kuwa vekta, na hapo ndipo balaa huanza. Mstari wa kalamu una upana, na programu huchora ukingo wake wa nje na ukingo wake wa ndani pia. Nimeshika mkononi taruma, yaani ubavu wa chombo, lililokatwa hivyo: leza ilipita mara mbili, utepe mwembamba ulioungua ukabaki ukining'inia ubavuni, na taruma lenyewe likatoka limekonda. Afadhali picha iwekwe chini, mtu achore upya juu yake kwa mkono wake ndani ya Inkscape, programu ya bure, kisha picha aifute.

Mistari pacha nayo huleta hasara. Ukinakili kipande ukakibandika juu ya chenyewe bila kujua, kwa macho utaona mstari mmoja. Mashine itakata yote miwili, na ukingo utatoka mweusi tititi. Maandishi yageuzwe kuwa mistari kabla ya faili kutoka nyumbani, la sivyo kompyuta ya karakana ikikosa aina ile ya herufi itaweka nyingine. Na kwa usalama wa ukubwa, chora pembeni mraba wa milimita 50 kwa 50. Faili ya DXF ikisomwa kwa inchi badala ya milimita, kila kitu hukua mara 25.4, na mraba ule utakuambia kabla ubao haujaguswa.

Sasa nije kwenye kiini cha kazi. Seremala yeyote ajua kuwa msumeno hula mbao. Leza nayo hula. Kwenye plaiwudi ya milimita 3 hula kama milimita 0.2, zaidi au pungufu kutegemea lenzi, nguvu na kasi. Ukichora ulimi wa milimita 10, yaani ncha ya kipande inayoingia kwenye tundu la kipande kingine, na leza ikapita katikati ya mstari, ulimi hutoka 9.8. Tundu la 10 hutoka 10.2. Tayari una pengo la milimita 0.4, na kwa kipimo cha 1:50 hilo ni pengo la sentimita 2 kwenye jahazi la kweli. Dawa yake ni kusogeza mstari kwa nusu ya kile kinacholiwa: mstari wa ulimi utoke nje kwa 0.1 kila upande, wa tundu uingie ndani kwa 0.1.

Halafu kuna unene wa ubao, na hapa ndipo nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika. Mkuku wa jahazi langu, yaani uti wake wa chini, una matundu ambamo mataruma hukaa, na upana wa kila tundu hufuata unene wa plaiwudi. Dukani huitwa ya milimita 3, lakini weka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, uone: moja itakupa 2.7, nyingine 3.2. Taruma likicheza ndani ya tundu hulala upande, lililo jirani hulala upande mwingine, na ukifika kupiga mbao ubavu wote una mawimbi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Tundu likibana, mtu hutumia nguvu na mkuku hupasuka. Kwa hiyo pima ubao uleule utakaokatwa, sehemu kadhaa, ndipo ukamilishe mchoro. Kwa unyevu wetu wa pwani plaiwudi hupinda haraka ikiegemezwa ukutani. Ilazwe chini na kuwekewa uzito, maana ubao uliopinda huinuka na kushuka chini ya lenzi, ukakatika upande huu na upande ule ukagoma.

Plaiwudi hiyo ya tabaka tatu ina nguvu zaidi kwa urefu wa nyuzi za tabaka za nje. Kipande chembamba kama foromali, ule mti unaoshika tanga, kikilazwa kukingama na nyuzi, hukatika vidoleni. Na matundu ya ndani yakatwe kwanza, mzingo wa nje mwisho, kwani kipande kikishaachana na ubao husogea.

Niongeze jambo moja kwa wapenzi wa vyombo vya baharini. Mafundi wetu wa pwani tangu zamani huunda kwa jicho na mkono, bila karatasi, kwa hiyo usitarajie kupata ramani ya kila jahazi kwenye intaneti. Maji yakipwa na chombo kikikaa mchangani, muombe nahodha ruhusa, shika utepe na timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, upime upana kwa kila taruma. Ukitoka hapo unayo faili ya chombo cha kwetu chenye umbo lake halisi, na hiyo ni hazina.

Sasa wenye karakana. Ndugu zangu, mnaona faili mbovu ikifunguliwa mbele yenu na mnanyamaza kwa kuwa mteja ameshalipa. Hiyo si haki. Bandikeni ukutani karatasi moja inayosema: kitanda cha mashine yetu kina ukubwa gani, leza yetu hula kiasi gani kwenye plaiwudi na kwenye akriliki, rangi ipi ya mstari ni ya kukata na ipi ni ya kuchora namba za vipande. Leo kila karakana ina rangi zake na mteja hukisia. Muandike pia kwa herufi kubwa kuwa plastiki ya PVC haipokelewi. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayoumiza mapafu ya fundi na kuitia mashine kutu, na bado wapo watu wanaoileta wakidhani ni akriliki.

Vyuo vya ufundi hapa Pwani navyo viwape wanafunzi zoezi la kuchora faili hadi vipande viingiane, wasiishie kuonyeshwa mashine ikiwaka. Zoezi lenyewe halina gharama: kipande cha ubao chenye matundu yaliyopangwa kwa upana, mstari ukiwa umeshasogezwa kama nilivyoeleza, kuanzia milimita 2.6 hadi 3.3, kila moja likizidi lenzake kwa 0.1 na namba yake imeandikwa pembeni. Ukichomeka ubao wako utajua mara moja tundu lipi linashika bila kulazimishwa, na namba hiyo ndiyo upana wa tundu unaouweka kwenye mchoro, kisha usogeze mstari vilevile. Kila karakana ikate kimoja kwa kila shehena mpya ya plaiwudi na kukitundika kaunta, mteja ajipimie mwenyewe kabla ya kulipa.

Fundi wa majahazi madogo,
Kibokoni, Mombasa