Magari tunayolala safarini: Jumamosi kwa fundi

Habari za jioni wana kikundi. Kabla ya safari ya Matema, tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi kwa fundi umeme wetu pale Mwanjelwa, Mbeya, tuyakinge magari na wizi.

1. Swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Kwa dizeli, wa solenoidi (vali ya umeme inayofungua na kufunga mafuta). Mwizi akipiga stata, injini haitawaka, au itawaka kidogo na kuzima. Pa kuificha chagua mwenyewe, na usimwambie mtu, hata sisi humu!
2. Kuchora namba ya gari kwenye vioo, saiti mira kwanza.
3. Mnyororo na kufuli la usukani, njoo navyo.

Mchango ni sh. 20,000 kwa gari, kwa mhazini, mwisho Alhamisi usiku. Mapazia kila mtu ajitegemee.

Anayekuja aandike NIPO, petroli au dizeli, fundi ajue anunue swichi ngapi. Asanteni sana.