Saa imekwisha, nani mshindi?

Mhariri,

Mwenzangu wa sataranji ya mtandaoni hanisemeshi tangu juzi. Nilibaki na mfalme na farasi mmoja. Yeye na mfalme na kitunda, ile kete ndogo, cha pembeni, hatua mbili tu kiwe malkia. Saa yake ikaisha. Programu ikanipa ushindi, naye akang'aka: farasi peke yake hamfungi mfalme, yaani hawezi kumshambulia akakosa pa kukimbilia!

Kanuni ya 6.9 ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, yasema ni sare pale tu ambapo hakuna mfululizo wowote halali wa hatua wa kunifikisha kwenye kumfunga. Hapa upo: mfalme wake ajibanze konani, kitunda chake mwenyewe kimzibie njia. Upuuzi, nakubali. Ila programu nyingine ingetoa sare bila kujieleza. Waundaji waonyeshe kanuni wanayofuata kabla saa haijaanza.

Msomaji wako, mcheza usiku